Nyanjige na Tangazo la Jumatano

Msimu wa pamba ulikuwa umeanza. Nyumbani kwa Magese, pembeni mwa mji wa Bariadi, kila mtu alikuwa na kazi. Mke wake Klementina alikaa uani akichambua pamba, safi huku, fifi, yaani iliyochafuka, kule. Magese alifunga mafurushi. Binti yao Nyanjige, mwenye miaka kumi na sita, alibeba pamba iliyochambuliwa na kuimwaga katika chumba cha nyuma.

Barabarani lilipita gari la matangazo. Lilikuwa pikapu kuukuu yenye spika mbili juu. Mwenye gari aliitwa Luhende, kijana wa mtaa huohuo. Zamani chama cha ushirika peke yake ndicho kilichonunua pamba, na kila mkulima alijua pa kuipeleka. Sasa lilikuwa limeingia soko huria. Makampuni yalikuwa mengi, kila moja na siku yake na kituo chake. Mkulima asiyesikia tangazo alimkosa mnunuzi. Kwa hiyo Luhende alitangaza kutwa nzima, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika kipaza sauti.

Siku hiyo sauti yake ilikuwa imemkauka kabisa.

"Anasemaje huyu?" Klementina aliuliza.

"Anasema kesho watanunua pamba kituo cha Dutwa, mama." Nyanjige akalirudia tangazo lote, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma, polepole na kwa sauti ya kusikika.

Magese alicheka. "Ungetangaza wewe, hata viziwi wangeelewa."

Baba alilisema neno hilo kwa mzaha, lakini Nyanjige hakulichukulia kimzaha. Alikuwa amemaliza darasa la saba na hakupata nafasi ya sekondari. Tangu hapo alikuwa akitafuta kazi ambayo angeifanya vizuri kuliko kubeba pamba. Jioni alimfuata Luhende.

"Kaka Luhende, nikikurekodia maneno kwenye kaseti, wewe si utakuwa unaicheza tu garini?"

Luhende alikunywa maji kwanza ndipo akajibu. "Umri wako mdogo, lakini wazo si baya. Rekodi nisikie."

Nyanjige alimwomba baba redio kaseti yake. Asubuhi aliiweka juu ya kinu uani, akabonyeza kitufe, akasoma. Alipompelekea Luhende na kaseti kuchezwa, ilisikika sauti nyembamba inayokimbia, kama kifaranga anayelia. Nyuma yake jogoo aliwika, jirani alitwanga, na upepo ulivuma kuliko maneno.

"Hii siwezi kuipitisha mtaani," Luhende alisema. "Watu watanicheka."

Nyanjige alirudi nyumbani amenuna, lakini hakuiacha. Alirekodi tena, na tena. Mama alipomwita kula alisema, "Bado kidogo." Alikuwa bado yuko uani na redio yake alipoingia Mwalimu Evalina kurudisha ungo aliouazima.

Mwalimu Evalina alikuwa jirani yao. Kabla ya kustaafu alifanya kazi ya elimu ya watu wazima, na kwa muda mrefu sauti yake ndiyo iliyosoma redioni masomo ya kusoma na kuandika.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Nyanjige kwa Kisukuma. "Unagombana na nani hapa?"

"Mwangaluka, Mwalimu. Nagombana na redio. Inaniharibia sauti."

Mwalimu aliomba kusikia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Betri hizi ni za lini?"

"Za zamani. Baba anazianika juani zikichoka."

"Ndiyo maana. Ukirekodi na betri zilizochoka, mkanda unakwenda polepole. Ukija kuchezwa kwenye mashine nzima, sauti inakimbia. Hilo la kwanza. La pili, hapa uani unarekodi mtaa mzima. Ndani kwenu kuna chumba chenye vitu laini?"

Nyanjige alifikiri. "Kuna chumba cha pamba."

Waliingia wote wawili. Pamba ilikuwa imejaa mpaka karibu na dirisha. Mwalimu alipiga makofi mara moja, na sauti ikafa palepale.

"Umesikia? Haikurudi," alisema. "Pamba inameza mwangwi. Pamba ikiuzwa utatundika mablanketi na kusimamisha magodoro ukutani. Funga mlango. Kaa mbali na redio kiasi cha shubiri moja, usipumulie kipaza sauti. Kunywa maji. Na kabla ya kubonyeza kitufe, soma karatasi yako kwa sauti mpaka ulimi uizoee. Pale unapotaka kuvuta pumzi, weka alama."

"Na sauti niifanyeje, Mwalimu? Nisome kama wale wa redioni?"

"Wale wanasoma kwa watu wao. Wewe unazungumza na nani?"

"Na wakulima. Na akina mama kama mama yangu."

"Basi zungumza na mama yako. Mfikirie amekaa mbele yako."

Wiki hiyo Magese alinunua betri mpya. Alizitia redioni mwenyewe, akamkabidhi binti yake. Nyanjige alijifungia katika chumba cha pamba na joto lake, jasho likamtiririka, akarekodi mpaka akaridhika. Luhende alipoisikiliza kaseti mpya aliirudisha nyuma akaisikiliza tena.

"Hii," alisema, "hata nikiwa kijiji cha mbali naipiga bila aibu."

Kazi ikaanza. Luhende alileta maneno, Nyanjige aliyarekodi kwa lugha zote mbili, na malipo yake alimkabidhi mama amtunzie. Watoto walikimbia nyuma ya pikapu wakiiga sauti ya Nyanjige. Sokoni akina mama walimtambua akisema neno moja tu. Alijisikia kama amekua ghafla.

Siku moja Luhende alikuja mbiombio. Hakuwa na karatasi.

"Kasmiri, wakala wa kampuni moja ya pamba, anasema watanunua Dutwa Jumatano. Magari yao yakifika, lakini. Nirekodie haraka, niondoke."

Nyanjige alirekodi. Alitaja kampuni, kituo na siku. Neno la magari kufika hakulitia, kwa kuwa liliharibu mtiririko. Mwishoni akaongeza maneno yake mwenyewe: "Jumatano, bila kukosa." Yalisikika vizuri. Yalimalizia tangazo kwa nguvu.

Mwishoni mwa wiki alifika mjomba wake, Jilala, kaka yake Klementina, akiendesha baiskeli kutoka kijiji chake, mbali kupita Dutwa. Vumbi lilimjaa mpaka kwenye kope. Alipewa maji, akanywa, ndipo akamtazama Nyanjige.

"Mpwa wangu, ulituita Jumatano. Tulikuja."

"Magari hayakufika, mjomba?"

"Hayakufika. Tulikesha na mikokoteni yetu. Alhamisi ng'ombe walikuwa hoi kwa kiu, na pale hakuna maji. Akapita mlanguzi mwenye mizani yake, tukamuuzia. Kila mtu aliona mizani inaiba. Tungefanya nini? Kurudisha mzigo na ng'ombe wale hatukuweza." Akapangusa vumbi usoni. "Watu wanasema, binti wa Magese alisema bila kukosa."

Klementina aliinamisha kichwa. Nyanjige alihisi uso ukimwaka. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu angefunga ng'ombe nira kwa sababu ya neno alilolipenda yeye kwa mlio wake.

Magese alisimama, akaichukua redio kaseti, akaiweka juu ya kabati. "Mchezo umekwisha," alisema.

"Baba, si mchezo."

"Kama si mchezo ni mbaya zaidi."

Asubuhi Nyanjige alikwenda kwa Mwalimu Evalina. Alimkuta akimwagilia mchicha. Alimweleza yote, bila kumsingizia Luhende wala Kasmiri.

"Nilikufundisha kusema," Mwalimu alisema, akiweka ndoo chini. "Sikukufundisha kuuliza. Hapo nami kazi yangu niliiacha nusu. Kaa chini."

Walikaa kwenye kizingiti.

"Anayesoma tangazo hakulitunga, lakini watu wanaisikia sauti yake," Mwalimu aliendelea. "Kwa hiyo usirekodi maneno ya mdomoni. Mwenye tangazo aandike, aweke jina lake na sahihi. Muulize nani, wapi, lini, na mambo yakibadilika atawajulishaje watu. Asichokijua kwa hakika, usikiseme kwa hakika. Usiongeze hata neno. Mkubaliane pia kaseti itachezwa mpaka lini, ili isije ikaita watu msimu umekwisha. Na kwa kuwa wewe ni mtoto bado, makubaliano yafanyike mbele ya mzazi wako. Mtu akikwambia umfuate peke yako akakurekodi kwake, mwambie kazi unaifanyia nyumbani."

"Baba amekataa, Mwalimu."

"Baba yako amekataa kazi iliyofanywa vibaya. Nenda ukamwonyeshe nyingine. Ila kwanza, waliokesha Dutwa wanakudai neno."

Nyanjige alirudi akamkuta Magese akifunga mafurushi. Alimsaidia kwanza. Kisha akasema, "Baba, nipeleke Dutwa."

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia watu kosa langu. Halafu nikitaka kufanya kazi hii tena, nitaifanya mbele yako, na karatasi mezani."

Magese alifunga furushi la mwisho, akakubali. Siku ya gulio la Dutwa walipanda pikapu ya Luhende, wote watatu. Katikati ya wauza samaki wakavu na wauza majembe, Luhende alisimamisha gari na kumpa Nyanjige kipaza sauti. Hapakuwa na kaseti siku hiyo. Alikishika kwa mikono miwili.

"Mimi ni Nyanjige wa Magese," alisema kwa Kisukuma. "Jumatano mlikuja kwa sauti yangu. Sikuwa na hakika kwamba magari yatafika, na nikasema bila kukosa. Lile neno niliongeza mimi. Naombeni mnisamehe. Kuanzia leo tangazo nitakalosoma litataja jina la aliyelitoa, mumuulize."

Wengine waligeuka wakaendelea na biashara zao. Mzee mmoja alisema kwamba maneno hayanyweshi ng'ombe. Lakini mama mmoja aliyekuwa akiuza mtama alimwita akamwambia, "Angalau wewe umekuja. Yule mwenye kampuni hatujamwona."

Kasmiri alifika nyumbani baadaye na tangazo jipya. Magese alimwekea kiti, na Nyanjige akaketi kando ya baba yake.

"Nataka useme bei yetu inazishinda kampuni zote," Kasmiri alisema.

"Umezipima zote?" Nyanjige aliuliza.

"Ni tangazo tu, binti."

"Nitasema bei yenu. Wakulima watalinganisha wenyewe. Na uandike, kaka Kasmiri, uweke jina lako. Kama magari yanaweza kukwama, tutasema mtatoa taarifa siku moja kabla."

Kasmiri alimgeukia Magese, akitegemea msaada wa mtu mzima mwenzake. Magese alimsogezea kalamu.

Kasmiri hakuishika. Aliondoka, akatafuta mtangazaji mwingine mjini. Wakulima walilisikia tangazo lake wakabaki nyumbani, maana lile la kwanza lilikuwa limewachoma. Kituo chake kilipokaa kitupu alirudi kwa Magese, akavuta kiti mwenyewe, akaandika kila alichoulizwa, akatia sahihi.

Redio kaseti ilishushwa kutoka kabatini. Pamba ilikuwa imepungua chumbani, kwa hiyo Klementina alimpa Nyanjige mablanketi ya kutundika na godoro la kitanda chake mwenyewe. Nyanjige na Luhende walipewa kazi nyingine pia. Zahanati ilileta tangazo la chanjo ya watoto, mwenye duka la mbegu akaleta lake. Kila mmoja alikaa kwenye kiti kilekile mbele ya Magese na kujibu maswali. Aliyekataa alikwenda zake.

Kisha ikakaribia siku ya kununua Dutwa. Siku moja kabla yake, asubuhi, Kasmiri alifika mbio: lori limevunjika ekseli njiani, ununuzi umeahirishwa mpaka Ijumaa. Aliandika, akatia sahihi. Nyanjige alisoma karatasi kwa sauti mpaka ulimi ukaizoea, akajifungia, akarekodi. Kabla ya saa sita Luhende alikuwa barabarani.

Kijijini kwao, mbali kupita Dutwa, Jilala na jirani zake walikuwa wamekwisha kupakia mikokoteni ili waanze safari jioni kukiwa na ubaridi. Ng'ombe walikuwa wamefungwa nira. Ndipo pikapu ikaingia kijijini, na sauti ya mpwa wake ikasema bila haraka: gari limeharibika, kaeni nyumbani, njooni Ijumaa, aliyetoa taarifa hii ni Kasmiri, wakala wa ununuzi.

Jirani mmoja alimtazama Jilala. "Tunafanyaje?"

Jilala alisikiliza tangazo likirudiwa kwa Kiswahili. Halafu akawafungua ng'ombe wake nira, mmoja mmoja, akawapeleka kunywa maji. Mikokoteni mingine nayo ikabaki imesimama mahali pake, na wenyewe wakamfuata na ng'ombe wao kisimani.