Unga Uliosimama

Mtaa ule wa Nachingwea watu wanauita Ubalozini. Balozi hajawahi kulala pale, ila nyumba zenyewe zinatia tamaa: kuta nene, varanda za matao, barabara pana yenye miti pande zote mbili. Zilijengwa na Wazungu wa mradi wa karanga. Dada yangu Makrina, mwalimu, alipopangiwa moja, alicheka kutwa nzima. Alikuwa amechoka kumlelea mwanawe Aurelia kwenye chumba kimoja cha kupanga.

Bibi yetu Semeni alikuja kwa bodaboda kutoka kijijini kwetu Nkowe, na unga wa mtama kwenye kibuyu. Jioni aliumimina sebuleni, ukasimama wenye ncha, akaufunika kwa chungu. Kwetu ndivyo tunavyoomba ruhusa ya mizimu kabla ya kuhamia nyumba. Asubuhi ukikutwa umesimama, mmekubaliwa. Ukiporomoka, mnafungasha.

Kulipokucha Bibi akafunua. Unga ulikuwa umesimama vizuri. Tukapiga vigelegele, tukapanga vyombo.

Wiki haikuisha, Aurelia akaanza kukataa chakula. Hospitali walipima, hawakuona ugonjwa. Mtoto alikaa tu pale sebuleni, akifinyanga hewa kwa viganja.

"Unafanya nini, mwanangu?" nilimuuliza.

Akaninong'oneza, "Najenga kama mama, mjomba."

Sikuelewa. Ijumaa akafariki. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Tulimzika Nkowe. Kesho yake kaburi tulilikuta limeporomoka. Tukalirundika upya. Likaporomoka tena. Mvua haikuwa imenyesha. Bibi Semeni akamshika Makrina mkono.

"Ule unga, mjukuu wangu. Uliukutaje?"

Dada akaanguka magotini. "Ulikuwa umeporomoka, Bibi. Niliwahi kuamka, nikausimamisha kwa mikono. Nyumba nzuri vile! Hakuna aliyeniona, ila mtoto."

Bibi alimwachia mkono, akaondoka. Tamaa mbele, mauti nyuma, wanasema. Ila safari hii mauti hayakumfuata mwenye tamaa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Siku hiyo hiyo tulihamisha vyombo kutoka Ubalozini. Asubuhi iliyofuata tukaenda tena makaburini. Hakuna aliyetaka kutangulia.

Kaburi lilikuwa limesimama. Lina ncha. Limepigwapigwa likawa laini. Pande zote, alama za viganja vidogo.

Makrina akapiga magoti, akaweka mkono wake juu ya alama moja. Alipouinua, kiganja chake kilikuwa cheupe kwa unga wa mtama.