Kamera Isiyonyweshwa

Waraka wa Ndani Kuhusu Shindano la Hiari la Kila Wiki la Picha za Maisha ya Kawaida kwa Watumishi wa Manispaa (Kushiriki ni Lazima).

Ndivyo alivyouandika, kwa herufi nene, Mkurugenzi wa Rasilimali Watu, Peñaranda, aliyeitwa Licenciado kwa heshima ya shahada yake, ukabandikwa ukutani karibu na mashine ya kunakili. Kila Jumatatu ingetangazwa mada, kila Ijumaa kila kitengo kingeleta picha moja, na picha zingetundikwa ukumbini ili kuinua ari ya kazi. Kitengo cha Vibali vya Vibanda kilimchagua Hortensia Colque kwa kura zote, kwa sababu siku ya kikao hakuwepo.

Hakukataa. Tangu mumewe Eusebio afe na lori lake kwenye mteremko wa kwenda bondeni, Hortensia alikuwa mtu wa kusema "sawa". Nyumbani alibaki na binti mmoja, Zulma, wa miaka tisa, na ni kwa ajili ya huyo tu alikuwa bado anaamka asubuhi.

Kamera ilikuwa mali ya umma. Ilikuwa imelala muda mrefu katika chumba cha chini cha jengo lile, ambalo kampuni ya madini ililihama zamani, ikisubiri kibandiko cha namba ya mali. Kibandiko nacho, kama kawaida, kilisubiri sahihi. Katikati ya kusubiriana huko ikapita Jumanne ya Karnivali, sikukuu ya mkesha wa Kwaresima, siku ambayo mjini pale kila chombo hunyweshwa: tone la pombe kali kwa ardhi, tone kwa mashine ya kunakili, tone kwa mihuri, majani ya koka juu yake, kisha watumishi hunywa kinachobaki, ambacho ndicho kingi. Mwaka ule Peñaranda alikuwa amepiga marufuku, kwa waraka, vimiminika karibu na vifaa vya serikali. Rufino Ticona wa kunakili aliinywesha mashine yake kwa kujificha. Kamera hakuna aliyeikumbuka.

Mada ya kwanza ilikuwa "Mkate wa Leo". Hortensia aliuweka mkate mezani, bado wa moto, akabonyeza. Kamera ikalia kama kamera yoyote. Kisha, baada ya kimya kidogo, ukasikika mlio mwingine, laini, kama mtu mwenye adabu anayemeza mate.

"Umesikia?" akauliza.

"Tumbo lako hilo, mama," Zulma akacheka. "Kula basi."

Alikula. Ilikuwa kama kutafuna waraka. Akadhani ni mafua.

Jumatatu watu walisongamana ukumbini. Picha ya mkate ilikuwa inanukia. Dereva wa gari la taka alisimama mbele yake, kofia mkononi, akisema ndivyo jiko la bibi yake lilivyokuwa likinuka. Peñaranda aliigusa kingo. "Karatasi ya aina gani hii?" akauliza, na kwa kuwa hakuna aliyejua, akaagiza inunuliwe nyingine.

Mada iliyofuata ilikuwa "Rangi". Hortensia alipiga picha shali yake nyekundu ya harusi. Kamera ililia, ikameza. Shali haikuchujuka, ilibaki nyekundu vilevile, ila wekundu wake haukumhusu tena. Ikaja "Sauti", akapiga picha redio ikiimba wimbo ambao kwa kawaida humtoa machozi, na katikati ya ubeti wimbo ukawa kelele tu za watu walioshika nyuzi. Wiki ile mlinzi alizunguka ukumbini kila adhuhuri akitafuta nani ameacha simu ikipiga charango, lile gitaa dogo la milimani.

Hortensia alijua, lakini alijua kama mtu anavyojua kwamba mbali huko mvua inanyesha. Mfuko wa kamera ulikuwa na harufu ya nyumba iliyofungwa miaka mingi, unyevu na chokaa na panya wa zamani, na harufu hiyo sasa ilikuwa jikoni, kwenye nywele zake, kwenye uji wa mahindi wa zambarau aliomkorogea mwanawe.

Mada ya nne ikasema: "Kilichobaki".

Kofia ya Eusebio ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari mlangoni. Hortensia alikaa mbele yake na kamera mapajani kwa muda mrefu. Alijua kitakachotokea. Ndiyo maana alibonyeza.

Jioni ile alikula sahani nzima. Alilala. Kesho yake kazini walimsifu. "Umependeza, mama Hortensia! Sasa umeanza kupona," walimwambia, huku ukumbini karani wa ushuru akimlilia kwa kwikwi marehemu ambaye hakuwahi kumwona.

Zulma aliikuta kofia kwenye pipa la taka.

"Mama. Kofia ya baba inafanya nini huku?"

"Ilikuwa inajaa vumbi."

"Ni ya baba!"

"Najua ni ya baba," alisema Hortensia, bila ukali wowote, na ukosefu ule wa ukali ndio uliomfanya mtoto arudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Siku hiyohiyo Peñaranda alimsimamisha kwenye ngazi. "Hongera kwa mada hizi mbili za mwisho. Fupi, lakini zinagusa."

"Mada si zako, Licenciado?"

"Zangu? Mimi niliandika mkate na rangi. Ya tatu niliyokusudia ilikuwa 'Usafi wa Mazingira ya Ofisi'."

Wote wawili wakautazama ubao wa matangazo. Muhuri ulikuwa wa Peñaranda, na sahihi ilikuwa ya Peñaranda. Akafikiri kidogo. "Basi zitakuwa zangu," akasema, akaendelea kupanda.

Zulma alimwendea Rufino pale kwenye mashine yake na kumweleza yote kwa mkupuo mmoja. Rufino, mtu wa mizaha, hakutania. Aliwachukua wote wawili mchana ule hadi kwenye safu ya vibanda vya waganga. Asunta Huallpa, mwanamke wa makamo mwenye simu mbili, alikuwa anafuma soksi.

"Kama ni habari ya kibali, mwenyewe hayupo."

"Mwenyewe ni wewe," alisema Rufino.

"Basi kwenu sipo. Huyu namjua, ndiye aliyenirudisha mara tatu kwa sababu ya picha ya pasipoti." Kisha akamtazama Hortensia usoni, soksi ikamtoka mkononi. "We mama, umekuwa unaishi na nani?"

Rufino akaweka kamera juu ya meza. Asunta hakuigusa. Aliinama akainusa, akavuta pumzi kwa kinywa.

"Hii ilinyweshwa?"

"Kulikuwa na waraka," alisema Rufino.

"Waraka! Mnaacha chombo kipya kwenye nyumba tupu, hakina kinywaji wala koka, halafu mnashangaa kimepata mpangaji? Huyu ni anchanchu. Majini wengine wana kelele, wanavunja vyombo. Huyu ni mstaarabu. Anakaa nyumba zilizohamwa, anamkaribisha mgeni, anamuuliza habari za safari, na mgeni akiondoka anaondoka mtupu. Hali nyama. Anakula kile kinachokufanya uione nyama ni tamu."

Alijaribu. Alimvua Hortensia blauzi ya juu, akatoka nayo mlangoni, akaipunga kuelekea manispaa na kugonga kengele ndogo ili kuiita roho yake irudi. "Hortensia! Njoo! Usikae kwa watu, njoo kwako! Nawe uitike, mama. Sema naja."

"Mama, njoo!" alilia Zulma. "Mama!"

Hortensia aliwatazama. Upepo ulikuwa wa baridi. Alielewa kwamba alitakiwa kutaka. "Naja," alisema, kama mtu anayepokea simu ya ofisi.

Asunta akashusha mkono. Aliikunja blauzi pole pole.

"Siwezi kumwita asiyetaka kuja. Lakini sikiliza. Kimebaki kimoja ndani yako, nakiona kila mtoto huyu akisema. Hicho usikipige picha. Kikibaki, mengine yataota tena, taratibu, kama nywele. Kikienda, usije kwangu, maana hata kuja hutataka."

Walijaribu kuirudisha kamera. Ofisi ya mali ilikataa. Kifaa hakipokelewi kabla shindano halijafungwa rasmi. Rufino akaipeleka uani na kuimiminia chupa nzima ya pombe kali akiomba msamaha kwa niaba ya manispaa. Hakuna tone lililofika chini. Chupa ilipoisha, kamera ikameza, na kutoka ndani yake ikatoka sauti ndogo yenye heshima: "Ahsante." Rufino alipewa barua ya onyo kwa kuhatarisha kifaa.

Jumatatu mada ikabandikwa: "Umpendaye".

"Usipige," Rufino alimsihi. "Dada yangu, leta picha ya mbwa. Leta picha ya Peñaranda."

"Sitapiga," alisema Hortensia, na alimaanisha. Kamera aliifungia kabatini, ufunguo akampa Zulma auvae shingoni.

Kitu ambacho Asunta hakumwambia, labda kwa kuwa hakukijua, ni kwamba mtu aliyekufa ganzi mwili mzima isipokuwa kidole kimoja, maumivu yote ya mwili huhamia kidole hicho. Hortensia alimtazama Zulma akivuka barabara na akaona malori yote ya nchi ile yakishuka mteremko. Alimsikia akikohoa, kikohozi cha vumbi tu, na kifua chake mwenyewe kikapasuka. Hakulala, hakuketi, alimfuata mtoto chumba hadi chumba kama aliyefungwa naye kwa waya unaokata, na kila alipogeuka harufu ile ya nyumba iliyofungwa ilikuwa karibu zaidi, imevaa adabu, imekaa kitini, na sauti ikamuuliza kwa upole, kama jamaa mwenye nia njema anayemwona mtu amebeba mzigo, kwani na huo haukuchoshi, mama, si ungeutua tu, nani atakulaumu, na kule kwenye picha mtoto angependwa na ukumbi mzima, angependwa vizuri kuliko wewe unavyoweza, kila siku ya kazi, mpaka jengo lianguke.

Ijumaa asubuhi mlango wa kabati ulikuwa wazi. Ufunguo ulikuwa bado shingoni mwa Zulma.

Mtoto alisimama jikoni na sare ya shule. Alimwona mama yake na kamera, akafunika uso kwa mikono.

"Uliahidi."

"Niliahidi."

"Mama, ukinipiga picha utanipenda bado?"

Hortensia alifikiri, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli. "Sidhani," alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, ya mwisho aliyokuwa nayo. "Lakini imeniuma sana, kifaranga wangu. Hujui inavyouma."

Hakuwa amemwita hivyo tangu baba yake afe. Zulma alishusha mikono amwone.

Picha ilishika nafasi ya kwanza. Peñaranda alipoitazama alitoka kwenda kununua peremende, akazigawa kwa watoto wasiomhusu. Watumishi wanaipitia asubuhi kabla ya kusaini mahudhurio, na wengine hukibusu kioo chake. Ripoti ya mwisho wa mwaka inaeleza kwamba shindano liliinua ari ya kazi kwa kiwango cha kuridhisha.

Kilichotokea ni hiki: Hortensia Colque alimpiga picha binti yake, kisha akampeleka kwa shangazi wa mtoto na hakurudi kumchukua.