Uyoga Ulioota Maharagwe

Kila siku baada ya shule, binti mmoja wa darasa la sita aliingia nyumbani kwa mbio, akatupa mkoba kitini, akanawa mikono nusunusu na kula amesimama. Nyumba nzima ilimwita Chapuchapu, naye aliliona jina hilo kuwa sifa. Ile methali ya haraka na baraka alikuwa ameisikia mara nyingi mno, hata akawa anaimalizia yeye kabla mkubwa hajafika katikati.

Katika nyumba hiyohiyo aliishi mtu asiyejua haraka hata chembe: shangazi yake, fundi wa kufuma. Shangazi alikaa karibu na dirisha, kikapu cha nyuzi miguuni, akifuma kwa sindano fupi yenye ndoano, kitanzi baada ya kitanzi, midomo ikihesabu kimyakimya. Ukimsalimia katikati ya mzunguko, ulisubiri aumalize ndipo akuitikie. Chapuchapu alimtania sana kwa jambo hilo, na alimpenda kupita kiasi.

Mwezi huo shangazi alipata kazi iliyomfanya acheke peke yake jikoni. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto alitaka uyoga saba wa kufumwa, wenye kofia nyekundu na madoa meupe, wa kupamba madirisha saba ya wodi yake.

"Watoto wangu wamechoka kutazama ukuta," muuguzi alisema. "Ila sharti langu ni moja, fundi. Kila kitu kiwe safi, nje na ndani. Nikiridhika, nitakuomba uje kila wiki uwafundishe kufuma wale wanaolazwa muda mrefu."

Kufundisha ndiyo ilikuwa ndoto ya shangazi tangu usichana wake. Chapuchapu naye alikuwa na lake. Chini ya dirisha la saba alilazwa mwenzake wa deski, msichana waliyemwita Kicheko, aliyeanguka ngazini akavunjika mguu.

"Shangazi, huo wa Kicheko niachie mimi. Nitaufuma mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho."

"Wewe? Wewe ambaye hata chai huingoji ipoe?"

"Nitahesabu, shangazi. Kweli tupu!"

Na kweli alihesabu. Vitanzi sita, kumi na viwili, kumi na vinane, ishirini na vinne. Aliporuka kitanzi, kofia ilipinda, na shangazi akafumua mzunguko mzima bila kugomba. "Uzi haujachoka," alisema, "basi usichoke wewe." Siku ya nne kofia ilikuwa tayari, imejaa pamba na kutuna vizuri. Akafuma na shina, likabaki wazi upande wa chini.

Uyoga wa kufumwa una tabia moja mbaya. Kichwa chake ni kikubwa kuliko mguu, kwa hiyo ukiusimamisha, unaanguka kifudifudi. Dawa yake ni kuutia kokoto chini ya shina. Shangazi alikuwa ameokota za kwake, akazisugua kwa brashi, akazichemsha, kisha akazianika juani kutwa nzima.

"Nenda na wewe kaokote zako," alimwambia Chapuchapu, kisha akaenda dukani kununua uzi.

Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba, na sauti zao ziliingia mpaka jikoni. Kuokota, kusugua, kuchemsha, kuanika! Nyuma ya mlango palikuwa na gunia la maharagwe. Chapuchapu akatazama kushoto, akatazama kulia, akachota konzi moja. Yalikuwa makavu, mazito, yanang'aa. Nani atakayepasua uyoga aangalie tumboni? Akayatumbukiza, akayaziba kwa pamba, akafunga mshono, huyoo, akaenda kuruka kamba.

Shangazi aliporudi aliupima uyoga mkononi. Ulisimama wima.

"Kokoto umezichemsha?"

"Nimezichemsha, shangazi."

"Umezianika?"

"Nimezianika."

Shangazi akamvuta na kumkumbatia. "Nilikuwa nakudharau bure, mwanangu. Unisamehe."

Chapuchapu akajitoa mikononi mwake. Siku hiyo hakutamani tena kuruka kamba.

Kicheko aliupenda uyoga wake kuliko zawadi zote. "Unafanana na mimi," alisema akicheka. "Na wenyewe una mguu mmoja tu!" Aliuweka dirishani na kuusalimia kila asubuhi, mpaka wagonjwa wenzake wakaanza kuusalimia pia.

Siku kumi hivi zilipita. Alasiri moja muuguzi mkuu alibisha hodi, mkobani mwake mmejaa uyoga. Hakutaka kukaa. Alitoa ule wa saba, akauweka mezani. Katikati ya vitanzi vyeupe vya shina kilikuwa kimechomoza kijiti cha kijani chenye majani mawili. Ulinuka uvundo, na sisimizi wawili walikuwa wakikimbizana juu ya kofia.

"Mgonjwa wangu aliumwagia maji, akanyamaza, akidhani utakauka wenyewe," muuguzi alisema. "Leo nimekuta bustani. Fundi, mimi nilikuamini. Wodini nina watoto wenye vidonda. Na zile sita nimezirudisha, kwa sababu sijui ndani yake kuna nini."

Shangazi aliugeuzageuza ule uyoga mikononi. "Labda pamba yangu ilikuwa na mbegu," alisema kwa sauti ndogo. "Kama ni hivyo, kosa ni langu, Sista. Nitazipasua zote uone mwenyewe."

Akachukua mkasi. Akachukua uyoga wa kwanza, ule aliouhangaikia siku tatu. Chapuchapu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji ya mgeni. Alimwona shangazi akifumba macho ili asitazame kazi yake ikikatwa, na moyo wake ukapasuka kabla ya uyoga.

"Shangazi, usikate!" Maji yakamwagika. "Pamba haina kosa. Ni maharagwe. Niliyatia mimi. Sikuokota kokoto hata moja!"

Shangazi aliuweka mkasi chini polepole.

"Siku ile nilikuomba msamaha," alisema. "Mimi, nilikuomba wewe."

Angechapwa, Chapuchapu angelia kidogo. Kwa maneno hayo alilia mpaka kwikwi ikamshika.

Muuguzi alivuta kiti, akakaa. "Hospitalini tunasema kila siku, mficha maradhi kilio humfichua. Afadhali umesema kabla mkasi haujauma. Fundi, fumua mshono wa chini wa mmoja tu, nione."

Shangazi akafumua. Kokoto zikadondoka mezani, nyeupe, safi, kavu. Muuguzi alizishika, akazinusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hizi sita zinarudi wodini. Na ule wa saba?"

"Nitaufuma upya," alisema Chapuchapu, akifuta kamasi kwa mkono. "Wote."

Ilimchukua siku sita. Aliutupa uzi ulionuka, akaanza na uzi mpya. Aliokota kokoto, akazisugua mpaka brashi ikapoteza nywele, na jua lilipojificha akangoja kesho yake. Wenzake walipomwita kuruka kamba, aliwajibu, "Tangulieni, nakuja," na safari hii hakukimbia.

Siku aliyompelekea Kicheko uyoga huo ndiyo siku aliyoanza shangazi kufundisha wodini. Chapuchapu alimweleza rafiki yake ukweli wote, bila kupunguza kitu.

"Kwa hiyo haikuwa ajabu?" Kicheko alinung'unika. "Na mimi nimewaambia wodi nzima nina uyoga unaozaa! Mmea wangu uko wapi sasa?"

Chapuchapu alimwonyesha kopo la udongo alilolileta, ambamo aliupanda ule mche. Muuguzi mkuu alikuwa amekubali likae nje, upande wa pili wa kioo. Mharagwe ulikuwa tayari una majani sita.

Shangazi aliutazama mmea huo, kisha akamgeukia Chapuchapu. "Unaona, mwanangu? Ulidhani ukiufungia uongo ndani, umekwisha. Uongo haufi kwa kufichwa. Unangoja maji tu, siku moja uote mbele za watu. Na kazi iliyofichika tumboni mwa kitu ndiyo inayokisimamisha, kwa hiyo ifanye vizuri hata kama hakuna atakayeiona."

"Nimesikia, shangazi."

Watoto wenye nyuzi mapajani walikuwa wanawatazama. Shangazi aliuchukua uyoga mpya, akaupima mkononi kama siku ile.

"Kokoto umezichemsha?"

"Nimezichemsha, shangazi. Mara mbili."

Shangazi hakuufumua, wala hakuuliza tena. Aliusimamisha dirishani, akarudi kwa wanafunzi wake, akaanza kuhesabu.