Waraka wa Shangazi Fusi

Kila Jumamosi asubuhi Kalolaine humsaidia mama yake kufagia ofisi ya zahanati kisiwani Lifuka, nchini Tonga, kisha huenda kwenye mazoezi ya kwaya. Jumamosi hii hakuna aliyeshika ufagio. Mama yake, Losaline, ndiye mtunza kompyuta pekee wa zahanati, na tangu alfajiri hakuwa ameketi.

Taarifa ilikuwa imetoka mji mkuu, Nuku'alofa: programu ya kusomea nyaraka ina tundu, na wezi wameshaanza kulitumia. Kufungua tu waraka wao kunawaingiza ndani. Kila kompyuta ilihitaji kiraka, yaani programu mpya ya kuziba tundu hilo. Kompyuta zilikuwa kumi na nne, mtandao ulikwenda kwa kusuasua, na kesho ilikuwa Jumapili, siku ambayo Tonga nzima haifanyi kazi.

"Ya ngapi hiyo, Mama?"

"Ya tisa. Usiniulize tena, nitalia." Losaline alipikicha macho. "Kalo, hujafungua waraka wowote hapa wiki hii?"

"Hapana," alijibu Kalolaine.

Alikuwa amefungua. Alhamisi, akifanya kazi za shule kwenye kompyuta ya mapokezi, aliona barua pepe yenye jina la Shangazi Fusi, dada mkubwa wa baba yake: "Nyimbo za kwaya. Chapisha upesi." Nani angemuuliza dada wa baba kwa nini? Kwao dada wa baba hanyimwi kitu: akiupenda mkeka uliotandikwa, unakunjwa palepale, anapewa. Kalolaine alifungua. Ukurasa ulikuwa mtupu. Akanyamaza, asije akaonekana anamkosoa mkubwa.

Sasa mama aliisogelea kompyuta ya mapokezi.

"Mama, mwizi akiwa ameshaingia, kiraka kitamtoa?"

"Hakimtoi. Kinamfungia ndani na siri za wagonjwa wote."

Kalolaine aliwafikiria watu wanaomnong'oneza muuguzi pale dirishani. Papo hapo mlango ukafunguliwa. Shangazi Fusi aliingia na sahani ya mihogo na samaki.

"Losaline! Kwaya inamsubiri mtoto, nawe unakauka hapa kama nguo kambani! Kula kwanza!"

Kalolaine aliinamisha kichwa. "Mama, nilidanganya. Nilifungua waraka, kwenye hiyo hiyo. Ulikuja kwa jina la... Shangazi."

Losaline aling'oa waya wa mtandao kwanza, ndipo akashusha pumzi.

"Mimi?" Shangazi alishangaa. "Mtoto wee! Mimi hata kuwasha hilo sanduku naitiwa wajukuu!"

Losaline alikagua kwa saa mbili nzima. Mwizi alikuwa ameingia kwenye kompyuta ya mapokezi na kuanza kujaribu maneno ya siri, lakini mafaili ya wagonjwa hakuyafikia. Kompyuta hiyo ingefutwa yote Jumatatu. Kabla jua halijazama, nyingine zote kumi na tatu zilikuwa na kiraka.

Losaline alisinzia kitini, kipande cha muhogo mkononi. Shangazi alikitoa taratibu, akamvuta Kalolaine kando.

"Ukiona jina langu kwenye barua, njoo uniulize. Shangazi yako ni mimi, si ile barua, na kuniuliza si utovu wa adabu. Na ukikosea, sema siku ileile. Ungesema Alhamisi, mwizi asingekaa humo siku mbili. Haya, shika ufagio. Mimi nitakusanya takataka."