Alama ya X Ukutani kwa Brigita

Brigita alikuwa uani akipepeta maharage ya ngwara. Mumewe, Sylvesta, alikuwa mlangoni akishona viatu. Yeye hutembea kwa magongo.

Watu wawili wakashuka kwenye gari. Hawakubisha hodi. Mmoja akachora X nyekundu ukutani.

"Nyumba iko ndani ya barabara," akasema huyo aliyechora, mchora ramani aitwaye Martini. "Itabomolewa."

"Barabara ipi?" Brigita akauliza.

Martini akaonyesha simu yake. Ndani yake mlikuwa na ramani ya mji wa Karatu wa kesho. Mstari mpana ulipita nyuma ya nyumba, ukaimega na nyumba yenyewe.

"Hili ni korongo!" Brigita akafoka.

Ni kweli. Kiangazi, watu wa mtaa huo hupita korongoni kwenda mnadani. Ng'ombe hupita, hata magari ya watalii hupita. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji mekundu hushuka humo kwa kishindo. Picha za ramani zilipigwa kiangazi, kutoka angani. Wachoraji wakaona alama za matairi, wakaandika barabara. Huo ni uzembe, hata kama umefanywa kwa kompyuta!

"Tulikusanya maoni kwenye mtandao," Martini akajitetea. "Hamkujibu."

Sylvesta akatoa mfukoni kitochi chake, simu ndogo isiyo na intaneti. "Kwa hiki?"

Brigita akaenda kwa jirani yake Eunike, afisa maendeleo ya jamii.

"Dada Eunike, wametufanya sisi si watu!"

"Una haki ya kukasirika, Brigita," Eunike akasema. "Lakini hasira hiyo usiimalizie jikoni. Ile ni rasimu tu. Kabla haijapitishwa, lazima wananchi wasikilizwe. Asiye na simu janja anasema kwa mdomo kwenye mkutano wa mtaa, na maoni yake yanaandikwa. Mwombeni mwenyekiti auitishe."

"Na korongo?"

"Waambieni waje mvua ikinyesha. Siku hizi mvua inashuka nyingi kwa mkupuo. Wakilifukia, maji yatapita kwenye nyumba za watu."

Mkutano ukaitishwa, na wachora ramani wakaja. Sylvesta akasimama na magongo yake.

"Ramani yenu ina maegesho ya magari ya watalii," akasema. "Mimi nitapita wapi?"

Brigita akaruka juu. "Mlituangalia kutoka angani. Shukeni chini mtuone!"

Martini akaja siku ya mvua. Akasimama ukingoni na Brigita. Maji yakashuka yakibingirisha mawe, palepale alipochora barabara. Akaondoka kichwa chini.

Ramani ikarekebishwa mbele ya wananchi. Korongo likaachiwa maji, na kingo zake zikapandwa miti na matete. Barabara ikahamishiwa mwinukoni. Likajengwa daraja la waenda kwa miguu lisilo na ngazi.

Majirani wakamwambia Brigita aifute ile X. Akakataa. "Aliyeileta ataiondoa," akasema.

Masika yakaja, tena makali. Jiko la Brigita likabaki kavu. Sylvesta akavuka mwenyewe hadi sokoni.

Mvua zilipokwisha, Martini akaja na ndoo ya chokaa. Akaingia moja kwa moja uani.

"Mama, nimekuleteeni chokaa. Pakeni ukutani."

Brigita hakuipokea ndoo.

"Uliichora bila kutuuliza," akasema. "Utaifuta kwa mkono wako. Rudi nje kwanza, uanze na hodi."

Martini akarudi barabarani na ndoo yake.

"Hodi hapa!"

"Karibu," akasema Brigita. "Brashi iko pale."