Neno Lililofuata "Good"

Kila jioni, akishaosha vyombo, Candida alikaa barazani pale Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na kufungua daftari lake la Kiingereza. Alikuwa darasa la sita. Mwalimu alikuwa amemwandikia "good" kwa wino mwekundu, na wapangaji wa nyumba nzima walikwishaonyeshwa. "Good maana yake nzuri," aliwaeleza, hata wasiouliza.

Mwaka ule wa 1974 maziwa yalikuwa adimu. Mwanamkuu, mpangaji wa chumba cha uani, alikuwa na mtoto mchanga, Awadhi, na homa kali ilikuwa imemkausha maziwa. Siku moja alirudi na kopo la maziwa ya unga alilouziwa kwa mlango wa nyuma.

"Candida mwanangu, nisomee," alisema. "Kisomo chetu cha watu wazima ni cha Kiswahili tu."

Candida akaona maandishi ubavuni: Good until March 1973. "Good" aliijua. "March" aliijua. "Until" hakuijua.

"Wanasema ni mazuri."

"Na hili neno la katikati?"

Wapangaji wengine walikuwa wakisikiliza. Candida akaona haya. "Hilo ni jina la kiwanda. Yametengenezwa Machi mwaka jana."

Mwanamkuu akamshukuru, akaenda kuchemsha maji.

Kesho yake Awadhi alianza kutapika na kuhara. Macho yalididimia, akakosa hata nguvu ya kulia. Mwanamkuu alimkimbiza zahanati, Candida akimfuata na kopo mkononi. Muuguzi alilifungua, akanusa, akakunja uso.

"Nani alikwambia umpe mtoto haya?"

"Yameandikwa ni mazuri."

"Yameandikwa ni mazuri mpaka Machi mwaka jana. Yameharibika, mama."

Mwanamkuu hakugeuka kumtazama Candida. Heri angempiga kofi.

Awadhi alilazwa, akatundikiwa dripu, na kwa bahati akapona. Alirudi nyumbani amebaki mifupa. Siku Mwanamkuu alipopata kopo jingine, alipita nalo mbele ya Candida bila kusimama, akavuka barabara kumtafuta mtu wa kumsomea. Candida alimngoja mlangoni.

"Shikamoo, mama Awadhi."

"Marahaba."

"Lile neno sikulijua. Niliona haya kusema. Nisamehe."

Mwanamkuu alimweka vizuri mwanawe begani.

"Kutolijua si kosa," alisema. "Hata mimi sikulijua, ndiyo maana nikakuuliza. Ungesema hujui, ningemuuliza mwingine, kama nilivyofanya leo. Lakini ulinipa uongo, nami nikamnywesha mwanangu kwa mkono wangu huu."

Candida aliinama, machozi yakimtoka.

"Nimekusamehe. Ila ujue, mtu anayekuuliza amekuamini. Kama hujui, mwambie hujui. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi nilikaribia kuzika."

Akaingia ndani kumlaza mtoto.