Mnong'ono Nyumbani kwa Bi Mwanapili

Jua lilikuwa linazama niliporudi Galu kutoka Ukunda kwa tuk-tuk, betri ya gari mapajani. Nilikuwa nimeishusha darini redio yangu ya ujanani, ile ya kuongea na watu wa mbali kwa mawimbi bila simu. Miaka ishirini ilikuwa imelala. Safari hii nilikuwa nimesoma. Nilijua kwa nini sauti za mbali huja magharibi: jua likizama, tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi hutoweka, nayo hupaa hadi tabaka la juu na kurudishwa ardhini.

Nilijua na jambo jingine. Naona haya hata kulisema.

Wimbi lenye nguvu likitoka karibu huingia kwenye waya wa spika ya jirani, na spika husema hata ikiwa imezimwa.

Enzi zile nilinong'ona kwenye maikrofoni kila magharibi, bila leseni. Jirani yangu, Bi Mwanapili, akaanza kusikia mnong'ono chumbani kwake. Wageni nao wakausikia. Ikasemwa anafuga majini. Akapungwa siku tatu kwa ngoma na ubani, kisha akafukuzwa, akafia Kibuyuni akilima mwani. Nami sauti yangu niliitambua siku ya kwanza! Niliogopa polisi, nikanyamaza. Tena wali wa ngoma ile niliula, nikaomba na nyongeza.

Juzi mjukuu wake, Twaiba, alivunjiwa posa. Wakwe walisema hawaoi nyumba ya mchawi. Na mimi, mwanamume mzima, badala ya kwenda kusema ukweli nikaenda kununua betri. Eti nihakikishe kwanza kama kweli ilikuwa redio.

Nikaiunganisha chumbani kwangu. Redio ikachakacha... ssss...

Harufu ya ubani ikaingia. Sikuwa nimechoma ubani.

"Alamin..."

Sauti ya bibi kizee. Nikahamisha masafa. Ileile. Nikahamisha tena.

"Alamin... sema."

Nikaichomoa betri.

"Sema, mwanangu."

Nikashika maikrofoni kwa mikono miwili, nikasema yote. Kwamba sauti ilikuwa yangu. Kwamba niliogopa. Hata wali nikautaja. Redio haikuwa na umeme, na waya wa juu, wa kurushia mawimbi, sikuwa nimeufunga. Kwa niliyoyasoma, maneno yale hayakuweza kuvuka hata mlango.

"Hodi..."

Alikuwa Subira, binti ya Bi Mwanapili, mama yake Twaiba, aliyebaki na nyumba ile ya jirani. Amesimama barazani bila viatu.

"Kaka Alamin," akanong'ona, "spika ya marehemu mama imesema."

"Imesema nini?"

"Yote. Na wali."

Nikaanza kumweleza habari za mawimbi na tabaka za anga. Wallahi, nilimweleza fizikia! Alinisikiliza kwa adabu hadi nikaishiwa.

"Nimekufahamu," akasema. "Basi twende ukawaeleze wakwe. Sasa hivi, kaka, kabla hawajapeleka posa kwa mwengine."

Nikatazama sakafu. "Kesho, dada. Kesho, inshallah."

Nyuma yangu kitanda kililia, kama mtu anayeketi taratibu.

Subira alitazama juu ya bega langu, macho yakamjaa machozi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Nikatafuta viatu vyangu kwa mguu, bila kugeuka.